Mwenye Silaha Awajibike kwa Nani?



Katika Kiswahili neno "askari" humtaja mwanajeshi, na polisi pia. Mjini London mwaka 1829, Robert Peel alipoanzisha polisi wa mji huo, watu waliogopa jambo hilo hilo: kwamba wangeletewa wanajeshi kuwasimamia majumbani mwao. Kwa sababu hiyo polisi wale walivikwa makoti ya buluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa mekundu, wakapewa rungu la mti badala ya bunduki. Hata leo polisi wengi wa Uingereza hufanya doria bila bunduki. Waingereza hao hao walipoitawala Tanganyika hawakutuletea polisi wa rungu. Walituletea askari wa bunduki, kambi na gwaride, ambaye aliwajibika kwa bwana mkubwa wa wilaya, si kwa mwanakijiji.

Ulaya ilikuwa na mizani mbili tangu awali. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki na baruti zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, nayo haikuwa ya uongo, maana misafara ya watumwa iliitegemea bunduki. Lakini marufuku hiyo haikuwagusa askari wa watawala wenyewe. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji, watu wa kusini walizikabili bunduki za rashasha za Wajerumani wakiwa na mikuki na magobore.

Sisi Wasukuma tunayo historia yetu katika jambo hili. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha za kivita zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakaanza kuja na bunduki. Polisi walikuwa wachache na mbali, na wananchi wengi hawakuwa na imani nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa upande wa Kahama walijiunga kujilinda, na muda si mrefu sungusungu walienea Usukumani na Unyamwezini kote. Hawakudai bunduki. Walishika pinde, mishale na filimbi, na mwano ulipopigwa kila mwanamume alitoka. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na walinzi hao wa jadi wakapewa mamlaka ya kukamata kama polisi.

Ng'ombe wengi walirudi. Hilo tulikiri bila kigugumizi, maana wapo wazee hapa Mwamanyili wanaokumbuka jinsi ilivyokuwa kulala bila usingizi.

Hata hivyo kibali cha sheria hakimalizi maswali. Mwaka 1996, katika shule ya Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliwaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kwa kibali halali. Wazazi hawakukubali jibu la kwamba karatasi zilikuwa sawa. Kufikia mwisho wa mwaka 1997 Bunge la Uingereza lilikuwa limepiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia.

Nasi tunao mfano wetu, tena wa mkoa wa Shinyanga wa zamani, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na maofisa wa serikali, na baadhi yao wakafia mahabusu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake. Waliotenda walikuwa chini yake, na hilo lilimtosha. Miaka minane baadaye taifa lilimpa urais.

Je, mtemi wa sungusungu wa kijiji chetu naye huulizwa na nani? Mtu anapokamatwa usiku, akafungwa kamba, akachapwa hadi akiri, ungamo hilo ni la nani? Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa, na inakataza kumhesabu mshtakiwa kuwa mkosaji kabla haijathibitika. Haikuweka kando wezi wa ng'ombe, wala bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye jirani amemtaja kuwa mchawi.

Tunaviomba vijiji mambo machache. Majina ya walinzi wa zamu yaandikwe na kusomwa hadharani. Faini, iwe fedha au ng'ombe, itolewe stakabadhi na hesabu yake isomwe katika mkutano wa kijiji. Aliyekamatwa apelekwe kituo cha polisi bila kukawia na bila kipigo, naye mmoja wa ndugu zake aruhusiwe kufuatana naye. Mambo haya yazungumzwe katika jumuiya kabla masoko ya pamba hayajafunguliwa, kwa kuwa ndipo fedha inapokuwa majumbani na lindo huongezwa.