Pedali Ngumu Si Breki Nzuri

Kwenye gereji za Sumbawanga kuna imani ambayo hakuna anayeona haja ya kuitetea: ukikanyaga breki pedali ikawa ngumu, breki ni nzuri, ikizama, breki ni mbovu. Imani hiyo imezaa ya pili, ambayo ina gharama zaidi. Ng'oa mipira ya breki iliyokuja na gari, funga ile iliyosukwa kwa waya wa chuma, na gari litasimama palepale unapotaka. "Bosi, tukikuwekea ya waya utakuja kunishukuru," anasema fundi, na bosi anaingiza mkono mfukoni.

Mimi naona imani zote mbili hazina miguu, na ile ya kwanza ndiyo yenye madhara zaidi kwa sisi tunaoishi juu ya uwanda wa Ufipa na kushuka mabondeni kila mara.

Mpira wa breki una kazi ndogo na ya lazima. Kutoka kwenye masta silinda, oili husafiri ndani ya bomba la chuma karibu njia nzima. Ikifika jirani na gurudumu, chuma hakifai tena, kwa sababu gurudumu hupanda na kushuka kwenye mashimo na hugeuka kwenye kona. Hapo ndipo unawekwa mpira, kipande kifupi kinachokubali kupinda. Mguu unapokanyaga, mgandamizo unaopatikana unategemea nguvu ya mguu, urefu wa mkono wa pedali, msaada wa busta na ukubwa wa pistoni. Mpira hauongezi chochote juu ya hapo. Ukitanuka kidogo, pedali itashuka zaidi kabla ya kufikia mgandamizo ule, lakini ikishaufikia, pedi zitabana diski kwa nguvu ileile. Unachopunguza kwa mpira wa waya ni safari ya mguu. Safari ya gari kabla ya kusimama inaamuliwa na tairi na barabara, na kama tairi limekwisha kashata na chini ni vumbi la changarawe, hata ufunge mipira ya ndege gari litateleza.

Nikiwa mkweli, mpira wa kawaida hutanuka. Kanuni za Marekani za mipira ya breki, zinazojulikana kama FMVSS 106, zinauruhusu mpira mwembamba wa kawaida utanuke hadi mililita 0.66 kwa kila sentimita 30 za urefu, chini ya mgandamizo wa pauni 1,000 kwa inchi ya mraba. Huo ndio ukomo. Mpira mzima uliotengenezwa vizuri hutanuka chini ya hapo, na wa waya hutanuka pungufu zaidi. Dereva wa mashindano, anayesikiliza kwa unyayo ni wakati gani tairi linataka kuteleza, ana haki ya kuilipia tofauti hiyo. Simbishii.

Lakini chukua gari la kawaida la hapa, lenye dramu nyuma. Viatu vya breki vimelika, hakuna aliyevikaza kwa muda mrefu, na kila pistoni sasa inalazimika kusafiri milimita mbili za ziada kabla kiatu hakijagusa dramu. Kwa silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 20, pistoni mbili kila upande, hiyo ni oili ya ziada ipatayo mililita mbili na nusu, inayopotea kujaza pengo tupu kila unapokanyaga. Mpira gani wa sentimita 30 unakula kiasi hicho? Au chukua hewa. Povu la mililita moja tu lililobaki kwenye bomba litabanwa hadi karibu kutoweka, na mguu wako ndio utakaolipa nafasi hiyo. Kukaza breki za nyuma ni kazi ya bisibisi na jasho, na kutoa upepo ni kazi ya mtu mmoja kukanyaga na mwingine kufungua nati. Kazi hizo hazing'ai, kwa hiyo hazina wa kuzisifia.

Hapa ndipo wanaoapa kwamba mipira ya waya imewabadilishia gari wanapodanganyika, ingawa hawasemi uongo. Pedali yao imekuwa ngumu kweli. Ila huwezi kubadili mpira wa breki bila kufungua mfumo, kumwaga oili ya zamani, kutia mpya na kutoa upepo magurudumu yote. Mara nyingi fundi akishafungua tairi hukaza na viatu, maana viko mbele ya macho yake. Mambo matatu yamefanyika siku moja na sifa zote zimekwenda kwa lile la nne, linalong'aa. Kipya kinyemi. Zaidi ya hapo, mipira iliyotolewa ilikuwa mizee. Mingine ilikuwa imevimba kwa ndani hadi ikawa inazuia oili kurudi, gari likivutia upande mmoja na gurudumu likichemka. Mipira mipya ya kawaida ingetibu hilo vilevile.

Sasa nije kwenye pedali ngumu, maana hapa sisi wa Ufipa tuna kisa chetu. Busta inayosaidia mguu kwenye gari dogo hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe linalovutwa na injini au pampu yake. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Kwa maana hiyo, Noah ileile, yenye mipira ileile na pedi zilezile, ikipanda kutoka pwani hadi hapa inapoteza walau sehemu moja kati ya tano ya msaada wote ambao busta inaweza kuutoa. Ukikanyaga kwa nguvu, pedali itakuwa ngumu zaidi. Kwa mantiki ya gereji, hiyo ni breki iliyoboreka! Kwa hesabu ya kweli ni breki inayokudai mguu zaidi kwa kazi ileile. Busta iliyotoboka kabisa hutoa pedali ngumu kuliko mpira wowote wa waya duniani, na nimewahi kumsikia mtu akiisifia.

Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga huuliza habari za uchawi. Wangeuliza habari za mteremko ingekuwa na faida zaidi. Shuka Ntendo kwenda Muze, au Kalambanzite kwenda Ilemba, uingie Bonde la Ziwa Rukwa. Au geukia upande wa pili, upite Matai hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ama Namanyere hadi Kipili. Maziwa yote mawili yako chini ya uwanda wetu kwa mita zipatazo 1,000. Noah iliyojaa abiria na magunia ina uzito wa tani mbili hivi. Nishati ambayo gari hilo linaiachia likishuka mita 1,000 ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Fuso la tani kumi, zidisha mara tano. Joto hilo halifutiki: sehemu huchukuliwa na upepo, sehemu na injini kama dereva ameiachia kazi hiyo, na lililobaki linaingia kwenye diski, dramu na pedi, kisha kwenye oili.

Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini oili hizi hunywa unyevu wa hewa siku zote, hata gari likiwa limelala. Zikifikisha maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Ikichemka katikati ya mteremko, inatoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inakwenda hadi sakafuni. Waya wa chuma uliosukwa nje ya mpira hauwezi kuubana mvuke ulio ndani ya silinda ya gurudumu. Hapo dereva ana mipira ya bei mbaya na hana breki.

Na wapo wanaotia maji ya sabuni oili ikiwaishia njiani, wakifika salama wanayasahau humo humo. Huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Sihitaji kuendelea.

Kuna na hatari ya mipira yenyewe. Mpira wa waya ulio halali una bomba la Teflon ndani, vichwa vilivyobanwa kiwandani na maandishi ya kiwango ubavuni. Lakini mtu mwenye mashine ya kubania mipira ya haidroliki ya trekta naye anaweza kukutengenezea kitu kinachofanana nao. Mpira wa haidroliki mara nyingi huwa wa aina inayostahimili mafuta ya madini, na oili yetu ya breki ni ya jamii ya glikoli. Vikikaa pamoja, mpira huo huvimba na kulainika. Hata ule halali una kasoro moja kwenye barabara kama zetu: mpira wa kawaida ukianza kuchoka hupasuka ngozi na kuvimba, na utingo makini akiinama ataona. Wa waya huficha ugonjwa ndani ya shati la chuma, huku mchanga ukipenya kwenye nyuzi na kusaga bomba polepole.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa iende wapi, nitasema iende kwenye oili mpya ya DOT 4 kila baada ya miaka miwili, pedi na viatu visivyo bandia, tairi zenye kashata, na mipira ya kawaida yenye maandishi ya kiwango pale ya zamani inapochoka. Busta ipimwe: kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ishikilie, washa, isiposhuka kidogo, tafuta ombwe linapovujia.

Na kuna breki moja ambayo imeshalipiwa tayari: gia. Dereva anayebanwa na hesabu ya tajiri huweka fri kwenye mteremko akiamini anaokoa mafuta. Katika injini nyingi za sasa, na hata dizeli nyingi za zamani, gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, injini huzungushwa na magurudumu na mafuta hukatwa. Ukiweka fri, injini inaanza tena kunywa ili isizime, na kazi yote ya kulizuia gari inahamia kwenye pedi. Anachoma mafuta na breki kwa mpigo mmoja. Tajiri, kabla hujanunua mipira ya waya, mwulize dereva wako huwa anashuka Muze na gia namba ngapi, kisha mwambie hesabu yako haimdai aweke fri kuokoa mafuta, maana fri haiyaokoi.