Vipindi vya dini vyuoni vijibu maswali ya leo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu masomo ya dini ya Kikristo yanayotolewa katika vyuo vya ualimu, yaani vyuo vya makanisa pamoja na vipindi ambavyo viongozi wa madhehebu huendesha katika vyuo vingine.

Mwanachuo wengi wetu tunayemfahamu humaliza masomo akijua mapigo kumi ya Misri, majina ya waamuzi wa Israeli na safari za Mtume Paulo. Sisemi kwamba kuyajua ni vibaya. Maarifa ya Biblia ni somo lenye mtihani wa taifa katika kidato cha nne, na atakayelifundisha hana budi kulijua. Lakini mwalimu akifika kijijini hakuna anayemwuliza Paulo alipanda merikebu bandari gani. Anakutana na mambo mengine kabisa, na hapo ndipo elimu yake ya dini inapomwacha mikono mitupu.

Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni mimba za wanafunzi. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hata hivyo, vijijini mambo haya mara nyingi humalizwa nyumbani. Wazee wa pande mbili hukaa, fedha au ng'ombe hutolewa, na mwalimu huombwa asiwe na kiherehere. Wakati mwingine anayekuja kumwomba anyamaze ni mzee wa kanisa anayeheshimiwa na watu wote. Mwalimu kijana afanye nini? Akisema, anavunja undugu na majirani anaochota nao maji kisima kimoja. Akinyamaza, anamuuza mtoto.

Isitoshe, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Mlango wa darasa umefunguliwa, lakini je, wa kanisa? Yapo makanisa yanayomtenga msichana huyo na kumwondoa katika kwaya, na huku mwanamume aliyempa mimba anaendelea kuimba sauti ya nne bila wasiwasi. Katika Injili ya Yohana sura ya 8, watu walimleta mbele ya Yesu mwanamke peke yake, wakidai amefumaniwa. Mkufunzi awaulize wanachuo: mwanamume alikuwa wapi? Kisha awaulize: na huku kwetu yuko wapi? Hilo ni somo la dini, na hakuna mwanachuo atakayelisahau.

Mfano wa pili ni mikopo ambayo wananchi wameibatiza jina la "kausha damu". Walimu, mama lishe na wakulima wanakopa kwa riba inayokua kila juma. Wapo watumishi wanaoacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia anauchukua yeye kwanza. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili kuleta utaratibu, lakini wakopeshaji wa vichochoroni bado wapo, na wengine ni waumini wanaotoa sadaka nono Jumapili. Sasa mtu afungue kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Atakuta watu waliomlalamikia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na kwamba wanaowakamua ni ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wavumilie. Aliwakemea wakubwa mbele ya mkutano na kuwataka warudishe. Mwanachuo akijifunza sura hiyo kama historia ya Wayahudi tu, atapata alama zake na kusahau. Akiisoma huku akifikiria kadi ya benki ya mwenzake, atajua imani inamdai nini.

Ninayoyasema si mageni. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko Marekani, alisema wazi kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na hali zinazowafunga watu katika umaskini na unyonge, watu wataliona halina maana kwao. Tangu mwaka 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka kuhusu haki za wafanyakazi wa viwandani. Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba waraka ule ni sababu mojawapo kubwa ya kuchagua jina hilo, na akataja maswali yanayoletwa na akili mnemba katika kazi na utu wa mwanadamu. Kama viongozi wakuu wanayatazama mambo ya leo, kwa nini vyuo vyetu viishie kwenye mapigo ya Misri?

Wapo watakaosema kwamba serikali yetu haina dini. Ni kweli, na iendelee kuwa hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa makanisa yenyewe. Tena mwalimu Mkristo hufundisha watoto wa Kiislamu, wa Kikristo na wa dini za jadi katika darasa moja. Aliyezoea kupima mambo kwa haki na huruma ataweza kueleza sababu zake hata kwa mzazi asiye wa dini yake. Aliyekariri mistari tu ataishia kubishana.

Wengine wanaogopa kwamba majadiliano yataleta mashaka. Mimi naona kinyume. Swali ambalo halikuulizwa chuoni litaulizwa kijijini, na hapo hakuna mkufunzi wa kusaidia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mada ianze na tatizo halisi la shule au kijiji, kisha Maandiko na sheria za nchi visomwe sambamba. Pili, wakaribishwe hakimu, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii ili wanachuo wajue mambo yalivyo kabla ya kutoa hukumu. Tatu, mtihani usiulize majina peke yake, bali umpe mwanachuo tukio na kumtaka aeleze angefanya nini na kwa nini.

Mwalimu hupelekwa mahali ambapo pengine yeye ndiye mtu pekee anayeweza kumtetea mtoto. Makanisa yasimpeleke huko akiwa na kumbukumbu nzuri tu, bila ujasiri wa kusema lililo kweli.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.