Nyama ya Puma: Mezani au Jalalani?

Wapo wanaomwona mla nyama ya puma, yule paka mkubwa wa Bara la Amerika, kuwa ni mshenzi. Dhana hiyo haina mashiko. Charles Darwin aliionja nchini Ajentina mwaka 1833 akaifananisha na nyama ya ndama. Wawindaji wa Marekani huilinganisha na ya nguruwe. Sheria ya jimbo la Colorado humtaka mwindaji aiandae nyama hiyo kwa mlo wa binadamu, asiridhike na ngozi na kichwa cha kutundika ukutani. Ni sheria ya haki, kwani wa kulaumiwa ni yule auaye kwa ajili ya pambo tu.

Hata hivyo, mlo huu una masharti. Mnyama hutumbuliwa na kuchunwa mapema ili nyama ipoe, kisha nyama hupikwa hadi ndani kabisa ifikie sentigredi 71, maana aghalabu huwa na minyoo ya trikinela. Kuigandisha hakutoshi. Mwaka 1995, watu 10 jimboni Idaho waliugua kwa kula nyama ya puma iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. (Wapenzi wa mishikaki mibichimibichi na wajihadhari!)

Novemba 2024, wapigakura wa Colorado walikataa pendekezo la kuuharamisha uwindaji huo. Wajibu wa kuiandaa nyama ungali unawabana wawindaji.