Wati Nyingi Si Hoja: Nasaha kwa Anayejifunza Gitaa Nyumbani

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo hutumiwa kumkemea mtu mwenye maneno mengi na maarifa haba, lakini leo ningependa kuielekeza kwenye kifaa ambacho walimu, wazazi na wanafunzi wengi hukinunua bila kukitafakari: amplifaya ndogo ya kufanyia mazoezi ya gitaa la umeme nyumbani. Dai langu ni kwamba tunanunua mvumo badala ya sauti. Tunalipia ukubwa wa sanduku na idadi ya wati iliyochapishwa juu yake, ilhali anachohitaji mwanafunzi ni chombo kidogo, safi na cha bei nafuu kitakachomwezesha kuisikia kazi ya vidole vyake mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mwalimu wa isimu ajitome katika masuala ya magitaa. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, fonetiki, ambalo ni tawi la isimu, huchunguza jinsi sauti inavyozaliwa, inavyosafiri na inavyopokelewa na sikio. Na sheria za hewa na sikio hazibagui kati ya koo la binadamu na uzi wa chuma. Pili, mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyotengewa ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Muziki, ambao kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa somo la kupumzishia akili, sasa unaweza kuwa njia ya maisha ya mtoto. Mzazi aliyekuwa akinunua kamusi na kikokotoo atajikuta siku moja amesimama mbele ya kaunta ya duka la ala za muziki, fedha mkononi, asijue aulize nini.

Tatizo huanzia kwenye neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kipaza sauti ni kile anachokishika mhubiri mkononi. Pia ni ile spika iliyotundikwa juu ya paa. Tena ni lile sanduku linaloipa spika nguvu. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na anayekwenda dukani kuulizia kipaza sauti cha gitaa asishangae akikabidhiwa mikrofoni. Kikuza sauti lingekuwa neno faafu kwa mzigo huo wa tatu, lakini wapiga gitaa wenyewe husema amplifaya. Nami nitawafuata wao, kwa kuwa anayekitumia chombo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kukipa jina.

Tofauti na gitaa kavu, ambalo tumbo lake wazi huikuza sauti ya nyuzi, gitaa la umeme karibu ni bubu. Nyuzi zake za chuma hutetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mtetemo huo huzalisha umeme hafifu kwa kanuni ile ile aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Amplifaya huupokea umeme huo, ikauongeza, ikapunguza au kuzidisha besi na sauti za juu, kisha ikausukuma kwenye spika. Kwa hiyo amplifaya si kiambatisho cha gitaa bali ni nusu ya ala yenyewe. Ndiyo maana ninasikitika kumwona mzazi akitumia karibu fedha zote kwa gitaa linalong'aa, halafu akaunganisha na chombo chochote kilichosalia dukani. Mtoto hufanya mazoezi kwa miezi mitatu, husikia kelele chafu, na huamini kwamba vidole vyake ndivyo vibovu. Wengi huacha hapo. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote.

Sasa tuzitazame wati. Mnunuzi wa kawaida huamini kwamba amplifaya ya wati 20 ina sauti kubwa mara mbili kuliko ya wati 10. La hasha! Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo msikilizaji hulitambua lakini halimshtui. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, kwa makadirio ya jumla huhitajika desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 5, basi, sharti ufike 50 ndipo masikio yakiri kwamba kumetokea jambo. Anayelipa ziada kwa ajili ya kupanda kutoka 10 hadi 15 amenunua tarakimu. Na asidhani kwamba wati chache ni za watoto. Albamu ya Layla ya kundi la Derek and the Dominos, iliyorekodiwa Miami mwaka 1970, ilitegemea sana amplifaya ndogo za Fender Champ ambazo nguvu zake ni takriban wati 5. Sebuleni mwa nyumba ya kupanga, wati hizo hazimaliziki.

Kipimo chenye maana zaidi ni upana wa spika. Uzi mnene kabisa wa gitaa ukipigwa wazi hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na spika ya inchi 3 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitoa sauti hiyo kikamilifu. Hata hivyo tutaisikia noti, kwa sababu ambayo wanafunzi wangu wa fonetiki huijua vyema. Simu za kawaida za karne iliyopita zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3400 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume hutetemeka mara mia moja na kidogo, chini kabisa ya mpaka huo, lakini hatukuwahi kumsikia baba kwenye simu tukadhani ni mtoto. Ubongo hulijenga upya lile lililokosekana kutokana na mitetemo ya juu iliyosalia. Ndivyo inavyotokea kwa spika ndogo: kiimbo kinafika, kiwiliwili hakifiki. Kwa hiyo spika ya inchi 3 yafaa kwa mwenye chumba kidogo na mfuko mwembamba, lakini anayeweza kuongeza kidogo na afikie inchi 6 na nusu au 8. Huko ndiko fedha ya ziada inakofanya kazi, si kwenye wati.

Jambo la tatu ni swali ambalo muuzaji haulizi: mtoto huyu anataka kupiga muziki gani? Amplifaya nyingi za mazoezi zimeundwa kwa kumfikiria kijana wa Ulaya au Marekani anayependa roki nzito. Kitufe cha kwanza kinachotangazwa ni cha mkwaruzo, ile sauti inayochanika kama karatasi. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Benga ya Daniel Owino Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, au rumba ya Franco na TPOK Jazz, hutaka kinyume cha hayo. Humo gitaa la solo na lile la rithimu husemezana kama watu wawili wenye adabu, kila noti ikiwa imekamilika kabla ya nyingine kuanza. Mkwaruzo ukiingia hapo, mazungumzo hugeuka ugomvi. Mwanafunzi wa benga atafute amplifaya yenye sauti safi isiyochanika hata kitufe kikipandishwa nusu, pamoja na mwangwi kidogo. Kwa ajili ya usafi huo, akiba ya nguvu husaidia, na hapa tu ndipo ninapokubali kwamba wati 10 hadi 20 zina hoja kuliko 3.

Wengi hunijibu kwamba nyumbani tayari kuna wufa, ya nini kununua kingine? Hoja hiyo ina mashiko kiuchumi lakini si kisauti. Tundu la wufa limetengenezwa kupokea umeme wa redio au simu, ambao una nguvu kuliko ule wa gitaa. Tundu la amplifaya ya gitaa huuzuia umeme usitiririke ovyo kwa ukinzani wa takriban omu milioni moja. Lile la wufa aghalabu huwa na ukinzani mdogo sana kuliko huo. Matokeo yake ni sauti hafifu iliyopoteza ung'avu, mithili ya mtu anayezungumza nyuma ya blanketi. Isitoshe, mpigaji atakayekazana kuipandisha atazikuza pia kelele za waya na umeme.

Wapo pia wanaotegemea programu za simu zinazoigiza amplifaya. Sizidharau, baadhi ni nzuri mno. Hata hivyo zahitaji kifaa cha kuunganishia gitaa na simu, nacho si cha bure, na simu zisizo na kasi huchelewesha sauti. Kwa hedifoni za kawaida zisizo na waya, ucheleweshaji waweza kufika sehemu ya kumi ya sekunde au kupita. Msikilizaji wa redio hatajali, lakini mpigaji anayegusa uzi sasa na kuusikia baadaye hawezi kujifunza mdundo. Hedifoni za waya ndizo zifaazo.

Tundu la hedifoni ndilo ninalolihesabu kuwa la lazima. Wengi wetu tunaishi katika nyumba zilizobanana, ukuta mmoja ukihudumia familia mbili. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo kupita kiasi, ambazo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, hazikumsahau mpiga gitaa wa usiku. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani: zoezi moja likirudiwa mara arobaini ni elimu kwa anayelipiga na adhabu kwa anayelisikiliza. Wakati huo huo, kijana aonywe asijiumize. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Sikio likishaharibika halina fundi.

Kuhusu umeme, umeme wetu ni wa volti 240. Chombo kilicholetwa kutoka Marekani na jamaa mwenye nia njema huenda kimeundwa kwa volti 120, na kikichomekwa ukutani moja kwa moja kitaungua. Lebo ya nyuma isomwe kabla ya shukrani kutolewa. Aidha, amplifaya inayoweza pia kutumia betri ina thamani kubwa mahali ambapo stima hupotea bila kuaga.

Anayenunua, kiwe kipya au cha mtumba, asikubali kufungiwa sanduku kabla ya majaribio. Achukue gitaa lake mwenyewe. Kwanza, aiwashe amplifaya bila kupiga chochote na asikilize: mngurumo mkubwa wakati wa kimya ni dalili mbaya. Pili, avizungushe vitufe vyote polepole. Vikikwaruza, vina vumbi au vimechakaa. Tatu, aitikise kidogo pini ya waya kwenye tundu. Sauti ikikatikakatika, tundu limelegea. Nne, apige uzi mnene kwa nguvu na asikilize kama sanduku linatetemeka ovyo. Tano, achomeke hedifoni ahakikishe spika inanyamaza. Dakika kumi zatosha, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Najua kuna atakayesema kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haki ya kujadili amplifaya. Namheshimu mtu huyo, na kwa sehemu nakubaliana naye. Asiye na uwezo wa kununua gitaa la umeme na amplifaya nzuri, anunue gitaa kavu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliijenga heshima ya omutibo kwa gitaa kavu, na mdundo wa muziki huo ulitokana na chupa ya soda iliyogongwa. Hakuna wati hata moja humo, na vizazi vya wapigaji vimejifunza kwake. Nisichokikubali ni njia ya katikati, yaani gitaa la umeme lenye amplifaya mbovu, ambayo hugharimu fedha za maskini na kumpa mtoto kukata tamaa.

Walimu wenzangu, jukumu kubwa liko kwetu. Shule ikipata fedha za muziki, isizimalize kwa spika moja kubwa ya kutangazia matokeo ya mashindano gwarideni. Spika kubwa moja humfaa mpigaji mmoja kwa saa moja kwa wiki, wengine wakitazama. Amplifaya ndogo nne zenye hedifoni zitawawezesha wanafunzi wanne kukosea, kurudia na kurekebisha kwa wakati mmoja bila kuaibishana, na kukosea kwa faragha ndiko chanzo cha kila ufundi, uwe wa gitaa au wa lugha. Nanyi wanafunzi, mkiandamana na wazazi wenu dukani, msiwaongoze kwenye sanduku linalong'aa zaidi. Waongozeni kwenye lile ambalo likinyamaza linanyamaza kweli, na likisema linasema mlichokipiga.