Kijana, Bunduki Ile Itamulinda Nani?



Katika nyumba nyingi kuna kijana mwenye kuuliza: niingie uaskari, ao nisiingie? Tangu mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, wakati Goma ilipokamatwa na watu wa M23, na Rais Tshisekedi akaita vijana waingie jeshini kwa wingi, ulizo hilo limekuwa la kila jamaa. Sisi hatutaki kumujibu kijana kwa makelele. Tunataka akumbuke kwanza.

Zamani za Wabelgiji, wengi hawakuulizwa. Chifu aliamriwa kutoa watu, na aliyetolewa alitumika miaka 7 katika Force Publique. Watu wale walikuwa hodari. Waliingia Tabora mwaka 1916. Huko Saio, inchi ya Abisinia, waliwashinda Waitalia mwaka 1941. Lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa ofisa mweusi hata mumoja kati yao.

Na kuna neno lingine ambalo sisi wa kazi ya shaba hatuwezi kulisahau. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule wa 1941, wafanya kazi wa Elisabethville waligoma, wakaomba mushahara uongezwe. Walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira. Askari wakaamriwa kupiga risasi, wakapiga. Léonard Mpoyi, musemaji wao, aliuawa. Askari waliopiga walikuwa weusi sawasawa na ndugu walioanguka. Ndiyo maana tunasema: uhodari wa askari ni bure kama hajui bunduki yake ni ya nani.

Leo sheria imekwisha kujibu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 188, inasema jeshi ni la taifa zima, na mwenye kuligeuza kwa faida yake mwenyewe anasaliti inchi. Kifungu cha 190 kinakataza mutu kujitengenezea jeshi lake ao kuweka vijana wenye silaha. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Kama askari wa 1941 wangalikuwa na neno hili mukononi!

Basi, kijana, jipime. Kama ni njaa peke yake inakusukuma, ngoja, bunduki haipikwi. Kama anayekuita ni mukubwa mwenye kundi lake, usiende, hata akulipe vizuri. Lakini kama inchi inakuita, na unao moyo wa kukataa kupiga watu wasio na silaha, enda. Sisi tutakusindikiza kwa heshima.

Na ninyi wakubwa munaowaita watoto wetu: walipeni mushahara kwa siku yake, na mukumbuke wajane wao. Askari asiyelipwa hutafuta chakula chake katika nyumba za raia.

Tukae macho. Uhuru unalindwa na watu wanaojua sababu.