Chozi Anatuhama, na Kosa si la Kunguru Peke Yake

Siku hizi ukitaja ndege mbele ya watu wa Mombasa, mazungumzo huishia kwa kunguru. Ati kaiba samaki, kachafua nguo kambani, kapiga kelele kabla ya alfajiri. Yote ni kweli tupu. Lakini mimi nataka kumsemea mwingine ambaye hatajwi, naye ni chozi.

Kwa wasiomjua (nao ni wengi, maana kila ndege mdogo sasa tunamwita shomoro, basi), chozi ni yule ndege anayeweza kuenea kwenye kiganja cha mtoto, mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama sindano iliyokunjwa. Dume hung'ara juani kama hariri. Jike lake ni la rangi ya kawaida tu. Anakunywa maji matamu ya maua: maua ya mnazi, ya mgomba, hata ya mkomamanga ulioko uani. Hula pia wadudu na buibui. Nyumba yake ni ufundi mtupu. Huifuma kwa nyasi na utando wa buibui, ikaning'inia kitawini kama kijifuko, mlango ukiwa ubavuni. Humo hutaga yai moja au mawili. Na sauti yake, ingawa mwili ni mdogo vile, ni kali na ya haraka, kama mtu mwenye habari asiyeweza kungoja.

Yai moja au mawili, kunguru hayafanyi hata tonge. Huyu kunguru wa shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji, na hapa Mombasa ameonekana tangu mwaka 1947. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe. Lakini leo ukisema "kunguru" pale Marikiti au Kibokoni, kila mtu anamfikiria huyu mgeni. Kachukua mji, kachukua na jina! Anakula mayai na makinda ya chozi, ya mnana, ya shorewanda, hata vifaranga vya kuku wa bibi.

Basi watu wanasema, dawa ni sumu. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1. Darasani kwetu jambo hili lilizua ubishi mkubwa. Wako waliosema kunguru naye ni kiumbe. Wako waliopitia chuoni wakakumbusha kwamba kunguru ametajwa katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Mimi simwonei huruma kunguru, wala sipingi apunguzwe. Ninalopinga ni sisi kukaa kitako tukidhani sumu itamaliza kazi.

Tuwaangalie majirani zetu wa Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipambana na kunguru kwa mitego na sumu, na kunguru wakapungua sana. Mradi ulipokwisha, kunguru wakaongezeka tena. Kwa nini wasiongezeke? Waliosalia walikuta meza imeandaliwa. Na sisi hapa tumeandaa meza kubwa zaidi. Matumbo ya samaki, maganda, mkate, wali uliochacha, vyote vinatupwa wazi pembeni mwa njia, kisha tunamlaani anayekuja kula. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliletwa kwa ajili ya taka, na taka ndizo zinazomweka hadi leo.

Tena jambo la pili, ambalo halizungumzwi kabisa. Hata kunguru wote wakifa kesho, chozi atatua wapi? Kisiwa hiki kina Mwembe Tayari, kina Mwembe Kuku, kina Mwembe Tanganyika. Wazee walitaja mitaa kwa miembe kwa sababu miembe ilikuwapo. Leo ukishuka Mwembe Tayari unapokewa na magari na vibanda. Nyuani nako tunamwaga saruji ili pasiwe na majani ya kufagia. Mkomamanga unakatwa kwa kuwa unachafua!

Najua kuna watakaosema: chozi hajaisha, nenda Kwale au Kilifi utamwona, kelele za nini? Hoja hiyo ina uzito. Chozi si kama apalisi wa Taita, yule ndege mdogo mwimbaji wa milima ya Taita, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani na amebaki katika vipande vichache vya msitu. Yule akitoweka kwao, ametoweka ulimwenguni. Chozi akitoweka Kibokoni, ametoweka Kibokoni tu. Lakini mtoto wa Kibokoni haishi ulimwenguni kote, anaishi Kibokoni. Atalijua neno "chozi" kuwa ni la machoni peke yake, na hata sisi wa Chama cha Kiswahili tutakuwa tunamfundisha jina la kitu asichowahi kukiona.

Ndiyo maana sitaki tungoje serikali wala sumu yake. Jalala lililo nyuma ya kantini yetu liko wazi, na kila baada ya saa nne kunguru wanajaa pale kama watu wa harusi. Naomba mapipa mawili yenye vifuniko, na ruhusa ya kupanda mikomamanga mitatu kwenye ukuta wa upande wa maktaba. Chama chetu kiko tayari kuchanga pesa za miche. Mapipa tunamwachia Mwalimu Mkuu, ambaye tunaamini atasoma gazeti hili mpaka ukurasa huu.