Mama Naye Aulizwe Hali



Sisi wa kujitolea tunazunguka vijijini humu kambini Nyarugusu kukumbusha chanjo. Tunaona jambo moja: kila mtu anauliza habari ya mtoto, mama hakuna anayemuuliza. Siku ya kliniki mtoto anawekwa kwenye mizani, kadi inajazwa, basi. Mama anarudi na mzigo wake moyoni.

Kuna ugonjwa unaitwa sonona baada ya kujifungua. Sio uvivu, sio kurogwa, sio kiburi. Siku za kwanza mama wengi hulia ovyo, na hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Lakini kama wiki 2 zimepita na bado hana raha, hapati usingizi hata mtoto akilala, anajiona hafai, hana hamu hata ya kumpakata mwanae, huo ni ugonjwa na unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Yaani katika mama 5, mmoja.

Kambini mzigo unazidi. Kule Fizi au Uvira mzazi alikuwa na mama yake au shangazi wa kumkanda, kumpikia uji na kumshikia mtoto. Hapa wengine mama zao walibaki, wengine walifia njiani. Mtoto bado mchanga, mama tayari yuko foleni ya maji. Halafu tunamwambia eti, "Vumilia, si wewe wa kwanza kuzaa."

Wengine wanasema apelekwe kwenye maombi tu. Maombi hatuyapingi. Lakini mtoto akishikwa na malaria, tunaomba na zahanati tunampeleka. Kwa nini mama iwe tofauti?

Na tusiseme hakuna madaktari wa kutosha. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa kuongea na mama wenye sonona kwa utaratibu maalum. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, kati ya mama 100 waliohudumiwa hivyo, 23 bado walikuwa na sonona. Kwa wale waliotembelewa kawaida tu, walikuwa 53. Kwa hiyo kupiga hodi peke yake haitoshi, lazima mtu ajue aulize nini na asikilize vipi. Hiyo hata sisi tunaweza kujifunza.

Kwa hiyo tunaomba haya. Mashirika, tufundisheni. Siku ya mizani mama naye aulizwe, pembeni, na mkalimani asiwe jirani yake. Akina baba na makaka, kuchota maji na kumbeba mtoto hakupunguzi uanaume, na msindikizeni mama akatafute msaada. Akianza kusema anataka kufa, au kumdhuru mtoto, au anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, msimwache peke yake na msingoje kesho. Hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mama unayesoma hii kwa simu ya kuazima: hujashindwa kuwa mama. Unaumwa. Mwambie mtu mmoja leo.